Robert Smalls: kweli aliiba meli akawa mbunge?

Baharia wa Likoni: Hamjambo wakubwa. Mimi ni wa tagi, boti ya kuvuta meli, hapa Kilindini. Ami yangu ashikilia kuwa mtumwa wa Marekani aliiba meli ya jeshi, baadaye akawa mbunge. Kweli, au porojo za baraza?

Mzee Kibokoni: Kweli tupu, mwanangu. 13 Mei 1862, kabla ya alfajiri, Smalls aliitoa meli hiyo, Planter, bandari ya Charleston, South Carolina, mkewe na wanawe ndani. Kofia ya nahodha kichwani, akapiga honi za ishara mbele ya ngome ya Fort Sumter. Walinzi wakampisha! Mwaka 1868 akaingia bunge la jimbo la South Carolina, 1870 seneti ya jimbo, kisha Kongresi, bunge la taifa.

Bint Makadara: Na nyumba ya bwana wake kule Beaufort akainunua. Hiyo ndiyo raha yangu.