Naomba ushauri: kodi za gitaa (chords, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kubana nyuzi zote kwenye reggae

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, Mwanza. Mchana nashinda soko la Mwaloni kwenye dagaa, Jumapili napiga gitaa la ridhimu kwaya ya kanisani. Sasa vijana wa mtaani tunataka kuanza reggae na ridhimu nimekabidhiwa mimi.

Zile kodi za kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote ndizo zinanitesa. Kodi ya Am kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) inatoka, G kwenye ya 3 pia. F ya freti ya 1 hapana, uzi wa 2 unakoroma tu, na dole gumba linawaka moto.

Kubwa zaidi ni ule mkato. Naelewa kwamba ridhimu inaanguka pigo la 2 na la 4, fupi, halafu kimya, na sauti inakatwa kwa kulegeza mkono wa kushoto bila kubandua vidole. Polepole naweza. Ngoma ikiingia na lile teke la ngoma kubwa kwenye pigo la 3, mkono wa kulia unarudi kwaya, nachapa hadi la 1. Mpiga besi wetu anacheka mpaka anaacha kupiga.

Je, nibane nyuzi zote sita, au nipige tatu nyembamba tu maana huko chini besi ipo? Na kuna fundi hapa mjini wa kushusha nyuzi? Gitaa langu ni la boksi, nyuzi zimekaa juu mno. Msiniambie ninunue la umeme, hela haipo.

Mbalamwezi hii dagaa hawavuliwi, kwa hiyo muda wa mazoezi ninao.