Picha za chapa ya mbao za vita vya 1894: sanaa au propaganda?

Mwanzisha mada: Japani ilipopigana na China mwaka 1894 na 1895, wachapishaji wa Tokyo walitoa kwa wingi picha za chapa ya mbao zenye meli za kivita, mizinga na askari. Leo zinatundikwa makumbusho chumba kimoja na mandhari za Hiroshige, mchoraji maarufu wa chapa za mbao wa kabla ya hapo. Nasema zitolewe humo, zioneshwe kama propaganda.

Jibu: Hapo tunapishana, ndugu. Itazame kwa karibu anga ya usiku ya Kobayashi Kiyochika, mmoja wa wachoraji wa picha hizo za vita. Mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mcheri, na mchongaji hukata mbao pamoja na karatasi, hivyo mchoro wenyewe unapotea hapo hapo. Kila rangi ina kibao chake, chenye alama mbili za kento za kuegemeza karatasi. Karatasi ikikauka kazini hunywea, rangi ikavuka mstari. Giza linalofifia kuwa mwanga hupatikana kwa kulowesha kibao na kupaka rangi upande mmoja tu wa brashi, upya kwa kila nakala. Tena anga hiyo lazima ilingane kwenye karatasi tatu zinazopangwa pamoja kuwa picha moja, kila moja kama sentimita 37 kwa 25. Hiyo si sanaa?

Mwanzisha mada: Ufundi sibishani nao. Uongo uko kwenye mchoro. Wachoraji wengi hawakukanyaga uwanja wa vita, walitegemea habari za magazeti. Ndiyo maana Wajapani wamesimama wima na sare za Kizungu, Wachina wanagaagaa. Utagawa Kokunimasa, Oktoba 1894, alichora mateka wakikatwa vichwa kana kwamba ni haki yao. Hiyo nayo ukaiweke jirani na maua?

Mchangiaji wa tatu: Kabla ya chumba, angalieni taa. Baadhi ya nyekundu na zambarau za wakati ule ni za aniline, yaani rangi za kutengenezwa kwa kemikali, zinaliwa na mwanga. Mwanga hafifu wa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), miezi michache, kisha zirudi stoo gizani. Na msibandike kwa gundi ya maji kabla ya kujaribu rangi, zambarau huchuja hadi nyuma ya karatasi. Moto wa pichani ukishapauka, vita inaonekana ya upole, na huo ni uongo wa pili.

Mwanzisha mada: Hilo nalikubali. Basi zikibaki humo, kibandiko kitaje tarehe mbili: ya pigano, na ya kuchapwa, ambayo kwa kawaida iko ukingoni pamoja na jina la mchapishaji. Pyongyang, kule Korea, ilipiganiwa Septemba 15, 1894. Mtazamaji ahesabu mwenyewe siku alizokuwa nazo mchoraji aliyekuwa Tokyo.