Tupeane uzoefu: mteja kafungua mlango, ndani hapakanyagiki

Wakuu, uzi huu ni wa watu wazima, wanaouza huduma ya mwili na wanaoinunua. Wenye matusi na mahubiri watafute kwingine. Habari za kuoga, kondomu, mswaki na kucha tunaambiana kila siku. Ya nyumba hatuambiani. Kuna mteja kwenye simu ni mstaarabu, sauti ya heshima, ukifika unakuta kijia cha mguu mmoja katikati ya magazeti, maboksi, nguo na ndoo zilizopasuka. Kitanda nusu ni chake, nusu ni cha mifuko.

Mtu wa namna hii, kwa nilivyomwona mimi, kutuita sisi hakumpi aibu kama sebule yake inavyompa. Ndugu hawaingii. Fundi haingii hata bomba likivuja. Naingia mimi, kwa sababu simjui mtu wake hata mmoja na nikitoka nimefunga mdomo. Kwa hiyo siri anayonikabidhi ni mbili, na ya nyumba ndiyo nzito.

Nianze na langu. Mzee mmoja alinizuia mlangoni akaniomba radhi kabla hata ya kusema karibu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa sitaweza, tutafute mahali pengine." Nauli akanirudishia bila ubishi. Baadaye tukawa tunaonana nyumba ya wageni, na huko alikuwa nadhifu kuliko wengi, shati limepigwa pasi, kucha fupi. Nimewahi pia kuingia nyumba inayong'aa, mwenyewe hukaribiki kwa harufu.

Karibuni. Msitaje majina, mitaa wala alama ya kumtambulisha mtu.

Bila Kelele:
Dada umegusa penyewe. Mimi adui yangu ni kunguni. Nyumba iliyorundikana sikai kwenye kochi, na mkoba wangu hauguswi na sakafu, natundika kwenye kitasa. Nikirudi kwangu navua nguo bafuni, zinaingia kwenye mfuko unaofungwa mpaka zifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60. Wale wanaosema "nitaziacha kona wiki moja watakufa njaa" wanajidanganya, kunguni anakaa miezi bila kula. Na kama nimeona dalili, mteja wa kesho namwahirisha. Sitaki kumpelekea zawadi asiyoiagiza.

Mlango wa Nyuma:
Kunguni anawasha tu. Mie naogopa moto na kufukiwa na mizigo. Kabla sijavua viatu naangalia mlango: unafunguka mpaka mwisho au umezuiwa na mzigo? Jiko limeegemewa na makaratasi? Kuna lundo lililo juu kuliko mimi upande wa kichwa?
Msione natia chumvi. Mwaka 1947 kule New York, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walifia ndani ya nyumba yao. Langley alikuwa ametega mitego kwenye vijia kuzuia wezi, mmoja ukamwangukia mwenyewe. Homer alikuwa kipofu na hawezi kutembea, akafa njaa kwa kuwa wa kumlisha alikuwa chini ya lundo. Homer alipatikana kwanza. Langley akatafutwa zaidi ya wiki mbili, kumbe alikuwa hatua chache tu kutoka kwa kaka yake. Nyumba hiyo ilitolewa vitu zaidi ya tani 100.
Sasa jiulize: ukifukiwa huko na wewe, nani anajua ulikwenda? Siri ya mteja ni siri, lakini shoga yangu mmoja lazima awe na anwani na saa ninayotoka. Nikifika salama anaifuta.

Msomaji Kimya:
Huwa nasoma tu, leo niseme. Mimi ndiye huyo mteja. Vingi ni vitu vya marehemu mama. Nikishika hata kopo tupu mkono unakataa kuliachia. Mmoja wenu aliingia, akatazama, hakushtuka, akauliza, "Nikae wapi?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa miaka. Nikaondoa vitu kwenye kiti kimoja, na kile kiti sijakijaza tena.
Aliyefuata alipiga picha. Sikumwona, nilisikia mlio wa simu. Tangu siku ile sijaita mtu.

Mwenye uzi:
Kaka, pole sana. Aliyepiga picha alikudhulumu. Ukitaka kukataa, kataa kwa mdomo ukiwa mlangoni, uende zako. Picha ya ndani ya nyumba ya mtu ni sawa na picha ya uchi wake.

Shikamoo Sindano:
Nimefanya kazi ya uuguzi, nikahamia huku. Kulimbikiza vitu kwa kiwango hicho si uvivu. Tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, unauhesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Mara nyingi huanza ujanani kidogo kidogo na kukua na umri, ndiyo maana wengi mnaowakuta ni wazee.
Kosa ninaloliona ni la wale wenye huruma ya haraka, mteja kaenda kuoga, yeye anajaza mfuko wa takataka. Msifanye hivyo! Anachanganyikiwa, haamini mtu tena, na nyumba inajaa upya. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo, na yeye mwenyewe ndiye wa kuchagua kipi kitoke.

Hesabu Kwanza:
Mnahurumia sana humu. Mimi nyumba ya hivyo siingii, na sijielezi kwa nini. New Zealand sheria yao ya 2003 ya kazi hii yetu inasema wazi kwamba hata kama ulishakubali, unaweza kukataa wakati wowote. Mteja anaweza kudai fidia ya fedha, mwili hawezi kuudai. Kwetu wengi hakuna sheria ya kutulinda, lakini mlango niliouingilia naujua.

Chumba cha Juu:
Naomba niwageuzie kibao. Mlimbikizaji ni mimi. Manukato, saa, mikufu, viatu visivyo saizi yangu, zawadi za wateja. Nyumbani siwezi kupeleka kwa sababu wataniuliza nimetoa wapi, na kuuza naona vibaya. Basi vinajaa kwenye chumba cha kazi. Juzi mteja kasoma kadi ya mwenzake iliyobaki kwenye boksi, jina kamili! Siri ya mtu imevuja kwa sababu ya uchafu wangu.

Bila Kelele:
Kadi zichane leo hii, dada. Manukato nitakusaidia.

Pole Pole:
Mimi ninaye mmoja ninayemwendea bado. Nilimwomba nimpigie dada yake, akakataa katakata, nikaheshimu. Nikamwambia kuingia ndani nitaingia kwa sharti moja: kijia cha kutoka kitandani mpaka mlangoni kiwe wazi na jiko liwe peke yake. Akakubali. Sasa nikifika tunaanza na mfuko mmoja, yeye anachagua, mimi nabeba. Siku nyingine anachagua gazeti moja tu. Mengine sigusi.

Mwenye uzi:
Na huo muda wa kubeba mifuko, analipa?

Pole Pole:
Analipa. Saa yangu ni saa, hata nikishika gazeti.