Mrejesho: uchovu na nywele kung'oka, nimepima

Assalaam aleikum. Ni mimi niliyeuliza kama nipime vitamini zote kwa uchovu na nywele kung'oka. Ahsante sana dada uliyeniambia nianze na hemoglobini (kiwango cha damu) na feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini) tu. Hapa Lamu, damu ya feritini ilipelekwa Mombasa, nikangoja siku sita. Hemoglobini ilikuwa chini, 10.4, na feritini 7; feritini chini ya 15 ni upungufu wa madini ya chuma. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nameza kwa maji ya ndimu, chai naiweka mbali na vidonge (hapo ndipo nilipoumia, naipenda chai!). Choo cheusi kilinitisha, kumbe ni vidonge. Baada ya miezi miwili hemoglobini ni 12.1, ngazi napanda bila kuhema. Nywele bado zatoka. Vitamini D sikupima, bei ilinishinda.