Wakuu, naombeni ushauri: shamba langu linakataa maji

Mche_Mmoja: Habari zenu wadau. Shamba langu ni la kichanga. Nikimwagilia, panalowa juu kidogo, maji mengine yote yanatiririka bondeni. Nikifukua, chini ni vumbi. Miche imeota kwa mabaka mabaka, hapa ipo, pale patupu. Nataka pampu kubwa zaidi, nichukue ipi?

Jembe_Kali: Chukua ya dizeli mkuu. Ya kwangu nilirithi kwa baba, hadi leo inanguruma, majirani wananinunia.

Mama_Bustani: Kabla ya kulima palikuwa na nini hapo?

Mche_Mmoja: Miti tu.

Mama_Bustani: Miti gani, mwanangu?

Mche_Mmoja: Mikaratusi. Nikaikata, nikachoma matawi na majani palepale. Lakini majivu si mbolea? Na pampu nimeshaitangulizia pesa, tuongelee pampu.

Mzee_Kivuli: Vijana kila kitu kiberiti. Ardhi ina haki yake.

Mama_Bustani: Majani ya mkaratusi yana nta. Yakioza, nta inapaka chembe za mchanga, na kwa kuwa chembe hizo ni kubwa, nta kidogo tu inatosha kuzifunika. Ukichoma, joto linaigeuza mvuke, unashuka na kuganda sentimita chache chini, penye ubaridi. Maji yakifika hapo yanagoma, au yanapenya kwa vijia vyembamba. Ndiyo maana una mabaka. Pampu kubwa itakuondolea udongo tu.

Mpekuzi: Hii chai. Mchanga ukatae maji? Muulizaji na mjibuji ni mtu mmoja, subirini atangaze dawa.

Mama_Bustani: Siuzi kitu. Sawazisha udongo mkavu, dondoshea tone la maji. Likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kuzama, udongo huo unakataa maji. Pima juu, kisha chini kidogo.

Jembe_Kali: Nimejaribu chini ya misonobari yangu. Tone lipo tu, duara, limejivika vumbi. Mpekuzi, hii si chai.

Mche_Mmoja: Kwangu juu kwenye majivu limezama mara moja. Vidole viwili chini limegoma. Sasa nifanyeje? Pesa ya pampu hairudishwi, na masalia yaliyobaki nilipanga kuyachoma Jumamosi.

Mama_Bustani: Usiyachome, yaondoe. Dawa ya wakulima wa mchanga kule Australia ni kuchanganya udongo wa mfinyanzi kwenye tabaka la juu. Unafunika zile chembe zenye nta.

Mche_Mmoja: Kubeba mfinyanzi ni kazi ya msimu mzima, mama. Mifereji haitoshi?

Mama_Bustani: Kwa msimu huu anza nayo. Ichimbe ivuke lile tabaka linalogoma, panda ndani yake, mwagilia taratibu na mara kwa mara. Udongo ukikauka kabisa, ugomvi unarudi. Mfinyanzi peleka kwanza kwenye mabaka matupu.

Mpekuzi: Nimepima kwangu. Mama, mfinyanzi kiasi gani?