Mrejesho: Wavulana wangu wawili waliokuwa wakikataa kulala

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipoeleza jinsi wanangu wawili, wa miaka 3 na 5, walivyokuwa wakigombana na kurukaruka kitandani hadi karibu saa tano usiku katika nyumba yetu ya ghorofani hapa Umoja, huku majirani wa chini wakilalamika.

Ushauri uliofaa zaidi ni wa kuzima televisheni na kuweka simu mbali mara tu baada ya chakula cha jioni. Mama mmoja alinikumbusha kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 asitazame skrini kwa zaidi ya saa 1 kwa siku, na apate jumla ya saa 10 hadi 13 za usingizi, ukiwemo wa mchana. Sasa wakishaoga, baba yao huanza “Paukwa!”, nao huitikia “Pakawa!” kwa furaha inayonigusa sana, na mara nyingi kufikia saa tatu wote wamelala.

Kuwalaza kwa zamu, mdogo kwanza, hakukufaulu, kwa kuwa chumba ni kimoja na mkubwa akiingia humwamsha mwenzake, tumeacha. Mdogo bado huamka usiku wa manane na kuja kitandani kwetu, nami kwa sasa simkatazi. Kumfupishia usingizi wa mchana kumesaidia, isipokuwa Jumapili, ambapo tukirudi na matatu kutoka kwa nyanya yao huko Kikuyu, husinzia njiani na ratiba yote huvurugika.