Kuvuka Mutukula 1979: tulifanya sawa, na leo nani analipa?

Mkaazi wa Kikwajuni
Assalam aleikum jamani. Nauliza kwa nia safi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, na Amin akatangaza kuwa ardhi yote mpaka mtoni ni yake. Kuwatoa halina mjadala. Mie nauliza la pili. Baada ya kuwatoa, hatukusimama mpakani. Tulivuka Mutukula, tukaenda mpaka Kampala, ikaanguka Aprili 11, 1979. Naona uamuzi ule wa kumng'oa mtawala wa nchi nyengine ndio uliotufungulia njia ya kupeleka askari Nzwani kule Komoro, Kongo na Msumbiji, pamoja na maadui ambao kabla yake hatukuwa nao. Mwalimu angeishia mpakani, leo tungekuwa salama zaidi au la? Tafadhali tujibu kwa hoja.

Mwana wa Chake
Vita vile vilikuwa vya bara, sisi tulichangishwa tu. Karafuu zetu ndizo zilizokuwa zikileta fedha za kigeni, zikaenda kwenye risasi, na sisi tukabaki kupanga foleni ya sukari. Unauliza nani analipa? Mlipaji ndiye huyu anayekwandikia.

Mkongwe wa Kyaka
Vya bara? Mie mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Nilivuka mto pale Kyaka kwa daraja la muda, maana lile la asili wameshalivunja, matope mpaka magotini. Kushoto kwangu kijana wa Konde, Pemba, kulia kwangu Mmakua wa Masasi. Yule wa Konde alipopigwa tulimfunika kwa koti la mvua la Mmakua, na Mmakua akalala usiku kucha mvuani. Niliporudi nilikwenda Konde kumpa pole mama yake. Hakuniuliza vita vya nani. Alichoniuliza ni kama mwanawe alitamka shahada. Sasa weye njoo unambie vya bara.

Mwana wa Chake
Shikamoo ami, na Mungu amrehemu ndugu yetu huyo. Sikusema hawakufa Wazanzibari, nimesema hawakuulizwa. Ni mambo mawili mbalimbali, na la pili hujalijibu.

Bi Mkunazini
Mimi nimeguswa na hilo la foleni. Mwanangu, foleni hazikuanza na Kagera. Mzee Karume alipozuia mchele usiingizwe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulikula muhogo asubuhi, mchana na usiku. Hapo Kagera hakuna risasi iliyolia. Mkitaka kuwalaumu wanajeshi walaumuni kwa lao, njaa ile ilikuwa na wenyewe.

Kijana wa Wete
Bi Mkunazini, kwa heshima zote, njaa ya mjini na ya Pemba hazikuwa moja. Nyinyi mlikula muhogo. Kwetu wazee wanahadithia kuchimba chochoni, mizizi ya porini.

Bi Mkunazini
Chochoni naijua mwanangu, mama yangu mzazi ni wa Kojani, huko huko Pemba. Usinipangie daraja la njaa. Ninachosema foleni zilikuwa mbili. Ile ya kwanza ya mchele. Ile ya pili, baada ya vita, ndiyo ya sabuni, sukari na unga wa ngano. Tulikuwa tunapanga mawe tangu usiku, kila jiwe na mwenyewe. Langu lilipakwa chokaa upande mmoja, na alfajiri ukilikuta limesogezwa unajua kuna mtu kaingiza la nduguye. Hiyo ya pili ndiyo mnayoweza kuidai kwa Amin, tena nusu yake tu.

Mfanyabiashara Darajani
Hata hiyo nusu ni nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini bei ya karafuu iliporomoka kwa sababu Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, alipanda mikarafuu yake mwenyewe. Vita viligharimu Tanzania fedha nyingi, hutajwa makisio ya dola milioni 500, na nchi iliyumba. Lakini mkarafuu wa Pemba haukuangushwa na bunduki. Na wewe unayesema fedha za karafuu zilinunua risasi, lete hati.

Mwana wa Chake
Hati? Mkulima aliruhusiwa kumuuzia serikali peke yake, kwa bei aliyopangiwa, na ukikamatwa unavusha karafuu kwa dau kwenda Mombasa umekwisha. Fedha ikiingia huioni tena. Halafu leo unanidai hati mimi niliyekuwa sina hata ufunguo wa ghala!

Mfanyabiashara Darajani
Basi hiyo ni hoja juu ya shirika la karafuu. Risasi hujazifikia.

Mkaazi wa Kikwajuni
Jamani, Mutukula! Tumefika Mombasa kwa dau.

Mngazija wa Malindi
Nakurudisha mimi. Machi 2008 Umoja wa Afrika ulipeleka jeshi Nzwani kumtoa Kanali Mohamed Bacar, na askari wa mbele walikuwa wa Tanzania na Sudan. Bacar akakimbilia Mayotte. Sasa tazama nani alikuwa na nani. Sudan ile ile, kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, Monrovia Julai 1979, Rais Nimeiry alisimama pamoja na Obasanjo wa Nigeria kutulaumu kwa kuingia Uganda. Na Libya, ambayo askari wake tulipigana nao Uganda mwaka ule, safari hii ilisaidia usafirishaji. Kwa hiyo usinambie 1979 ilituachia maadui wa kudumu. Walibadilika wao. Afrika iliyotulaumu ndiyo iliyoandika katika mkataba wa Umoja wake mpya, mwaka 2000, kwamba unaweza kuingilia nchi mwanachama pakiwa na mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita.
Nami nina haki ya kusema, kwa sababu ukoo wetu nusu uko Ngazija na nusu hapa. Wiki ile shangazi zangu walikuwa hawalali.

Kijana wa Wete
Libya imebadilika wapi? Gaddafi alimhifadhi Amin mpaka akafa.

Mfanyabiashara Darajani
Amin alifia Jeddah, 2003. Libya alipitia tu. Na Gaddafi huyo huyo ndiye aliyeutolea fedha msikiti mkubwa wa Dodoma, uliofunguliwa 2010. Soma kabla hujaandika.

Kijana wa Wete
Ahsante kwa Jeddah. Sasa nikuandikie ninalolijua bila ya kusoma. Disemba 7, 2017, kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, wakauawa walinda amani wetu, na vijana wa Zanzibar wakiwamo. Waliotajwa kuhusika ni ADF. Na ADF ni Waganda, waliojikusanya katikati ya miaka ya tisini kumpinga Museveni. Museveni naye ni nani? Ni mmoja wa wapiganaji waliokuwa wakiishi hapa Tanzania, wakaingia Uganda pamoja na jeshi letu 1979. Kiongozi wa ADF, Jamil Mukulu, 2015 alikamatwa wapi? Hapa hapa Tanzania, akapelekwa Uganda. Wenye kulipiza wana kumbukumbu ndefu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mkongwe wa Kyaka
Kwa hiyo mauaji ya Semuliki ni makosa yangu mimi?

Kijana wa Wete
Sikusema hivyo, babu.

Mkongwe wa Kyaka
Umesema. Umeanza na Kampala ukamalizia na maiti. Tungeishia Mutukula, Amin angejipanga upya akarudi mwaka wa pili. Sisi tulioviona vijiji vya Kagera, nyumba hazina mapaa, visima vina watu ndani, hatukuwa tayari kurudi tena kuzika. Mwalimu alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hapana hata moja katika tatu hizo iliyokuwa uongo. Hao ADF walikuja zaidi ya miaka kumi na tano baadaye, kwa ugomvi wao na serikali yao. Kama Museveni kawaudhi, kadaiwe Museveni.

Mngazija wa Malindi
Hapo mzee ana haki. Na hata hao walioshambulia Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020 walitokea Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako ugomvi una mizizi yake. Hatukupigana na Msumbiji, tuliwalea wapigania uhuru wao, Frelimo, Dar es Salaam tangu 1962. Jirani akiungua moshi unakufikia, ulivuka mpaka au hukuvuka.

Mwana wa Chake
Mnabishana juu ya Amin kwa sababu Amin ni mwepesi, hana wa kumtetea. Swali langu la mwanzo limekaa pale pale. 1978 Zanzibar haikuwa na Baraza la Wawakilishi, limeanza 1980. Chama chetu, ASP, kilishaunganishwa na TANU ya bara mwaka mmoja kabla ya vita. Mambo ya nje na ulinzi ni ya Muungano tangu 1964. Nani aliulizwa kwa niaba ya yule mama wa Konde?

Bi Mkunazini
Mzee Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano. Alikuwamo.

Mwana wa Chake
Mtu mmoja, Bi Mkunazini. Na alipoanza kuuliza maswali ya Muungano, Januari 1984 alijiuzulu, tunajua namna gani. Leo Baraza lipo, nalo halina kauli askari wakipelekwa nje. Nataka lipelekewe habari, lijadili, lirekodiwe limesema nini.

Mkongwe wa Kyaka
Vita havijadiliwi barazani, mwanangu. Ukitangaza unakwenda wapi, adui anakungoja njiani.

Mwana wa Chake
Ami, vya Kagera nakubali, mlivamiwa. Lakini brigedi ya Kongo, ambayo askari wetu walikuwamo, ilipitishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Machi 28, 2013, azimio namba 2098, limeandikwa na limesomwa dunia nzima. Waasi wa M23 walilisoma. Kigali walilisoma. Niambie ni siri gani iliyobaki ambayo mjumbe wa Konde asingeweza kuambiwa.